Equiano: Alipigania manowari ya Uingereza, kisha akauzwa

VITA vya Miaka Saba vilipokaribia kwisha mwaka 1762, mabaharia wa Uingereza walisubiri kulipwa ujira wao na kurejea makwao. Mwenzao Olaudah Equiano aliuzwa kama bidhaa.

Kwa mujibu wa kitabu alichoandika mwenyewe, Equiano alizaliwa mnamo 1745 katika jamii ya Waigbo, Nigeria ya leo, akatekwa nyara utotoni. Hata hivyo, rekodi ya ubatizo wake ya mwaka 1759 inataja Carolina, Marekani, na wanahistoria wangali wanavutana kuhusu suala hilo.

Angali mvulana, alinunuliwa na Michael Henry Pascal, luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza.

Wawili hao walihudumu katika Namur, manowari ya matanga yenye mizinga 90, iliyombeba Admeri Edward Boscawen. Mwaka 1758 ilishiriki kuizingira ngome ya Wafaransa ya Louisbourg, katika Kanada ya leo.

Agosti 1759, ilikabiliana na Wafaransa karibu na Lagos, mji wa pwani ya Ureno wala si ule wa Nigeria. Kazi ya Equiano ilikuwa kupeleka baruti mzingani, akikimbia katikati ya moshi na makombora, huku cheche moja tu ikitosha kumlipua.

Aliamini kuwa utumishi huo na ubatizo wake vingemletea uhuru. Wapi! Desemba 1762, wakiwa karibu na Gravesend kwenye Mto Thames, Pascal alimuuza kwa nahodha wa meli ya biashara, akamnyima ujira wake na fungu lake la ngawira. Alisafirishwa hadi kisiwa cha Montserrat, Karibi.

Huko alinunuliwa na mfanyabiashara Robert King. Kwa kuchuuza vitu vidogo vidogo safarini, alidunduliza fedha hadi Julai 11, 1766, alipojikomboa kwa pauni 40.

Mwaka 1789 alichapisha masimulizi ya maisha yake jijini London, kisha akazunguka nchini akikiuza kitabu hicho na kupinga biashara ya watumwa. Alifariki Machi 31, 1797, miaka 10 kabla ya bunge la Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo.

Namur ilibomolewa mwaka 1833. Mnamo 1995, mbao zake zilipatikana chini ya sakafu ya karakana huko Chatham, ilikoundwa. Mabaki hayo hayasimulii lolote kuhusu kijana aliyebeba baruti. Kitabu chake kinasimulia.