Askofu Aliyekataa Kunyamaza

Wapendwa, Janani Luwum alizaliwa 1922 kule Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1948 akaokoka, akaanza kuhubiri. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Anglikana, wakati Idi Amin anatawala na watu wanapotea usiku usiku. Mwaka 1976 aliketi na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu juu ya maovu ya askari. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakataja mauaji waziwazi. Amin akawaka. Tarehe 16 Luwum akakamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza ajali ya gari, lakini waliouona mwili waliona matundu ya risasi.

Sisi wa Garissa tujifunze hapo. Amin alikuwa Mwislamu, lakini Luwum hakuwageuzia kisogo Waislamu wengine. Aliwatafuta washike haki pamoja. Mpendwa, ukweli utaudhi tu. Basi uudhi kwa sababu ni ukweli, sio kwa sababu ya matusi yako. Jirani akikasirika, akukute bado unampenda. Amina.