Bwana von der Decken na Buibui wa Fahari

Watoto wa Mgori waendao kuokota kuni kandokando ya msitu humwona buibui aliyetanda utando wa mviringo kati ya mti na mti, nao umejaa umande. Buibui hao ni wa namna nyingi. Mmoja wao alipata jina lake kwa sababu ya safari za Mjerumani Carl Claus von der Decken.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1833 huko Kotzen. Aliliacha jeshi la Hanover mwaka wa 1860, akaja Unguja. Alikuwa tajiri, na gharama za safari alizitoa mwenyewe. Mwaka wa 1861 alijaribu kupanda Kilimanjaro, akashindwa. Mwaka uliofuata akapanda tena pamoja na Otto Kersten, wakafika kadiri ya mita 4,200, wakaona theluji ikianguka. Basi habari ya Rebmann, ambayo wataalamu wengine wa Ulaya waliikataa, ikathibitika.

Katika safari hizo Kersten na wenziwe walikusanya pia wadudu na buibui.

Mwaka wa 1865 Decken aliingia mto Juba kwa merikebu ya moshi. Juu kidogo ya mji wa Bardera merikebu ikagonga mwamba, ikaharibika. Akarudi mjini kutafuta msaada, na huko akauawa, umri wake miaka 32.

Kazi yake ingalipotea, lakini Kersten aliitengeneza vitabu. Buibui walikabidhiwa Gerstaecker, mtaalamu wa Berlin. Yeye hakuwa na utando wa kutazama, wala umande. Mezani palikuwa na maiti tu. Kazi ya namna hiyo yataka uvumilivu: kutazama jinsi macho manane yalivyopangwa, kupima miguu, kulinganisha rangi na za buibui waliokwisha kuandikwa. Mwaka wa 1873 buibui mmoja akamwita Nephila sumptuosa. Neno la kwanza ni la ukoo. La pili ni lake mwenyewe, maana yake mwenye fahari. Katika ukoo huo jike ni mkubwa sana kuliko dume, na uzi wake hung'aa kama dhahabu.

Mwaka wa 2019 wataalamu walichunguza upya undugu wa buibui hao, wakamhamisha huyu katika ukoo wa Trichonephila, uliopewa jina na Dahl mwaka wa 1911. Neno sumptuosa likabaki. Jina la Gerstaecker na mwaka wake sasa huandikwa ndani ya mabano, ndiyo alama ya kwamba ukoo umebadilika.

Jina la Decken halimo humo. Lake limo katika jina la hondohondo mmoja wa nchi kavu, ambaye dume lake lina mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano.