Shaaban Robert na manyani wa Adili

Wandugu wa mashimo, mama twangaise, na ninyi watoto munaowasomea wazazi gazeti hili jioni, leo tunavuka ziwa. Ng'ambo ya Nyamianda ni Burundi, kisha Tanzania yote mpaka baharini, Tanga. Kule, kijijini Vibambani, Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909.

Alisoma Dar es Salaam mpaka 1926, akawa karani wa serikali ya Waingereza, kwanza forodhani. Mtu wa kungojea mshahara kama sisi, na kuhamishwa kazi bila kuulizwa. Vitabu aliandika pembeni ya kazi hiyo.

Mwaka 1952 kikatoka Adili na Nduguze. Adili ni mtawala mwenye manyani wawili. Anawalisha vizuri, lakini kila usiku anawachapa, na huku analia. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu! Walipofilisika aliwagawia mali yake. Wao, kwa wivu, wakamtupa baharini. Jini mmoja, Huria, akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru awapige kila usiku.

Tuseme kweli, mara ya kwanza ilituuma. Wabelgiji waliwaita baba zetu makaku, na fimbo ilikuwa sheria ya kazi. Karani Mwafrika anaandikaje nyani na fimbo?

Lakini tuliendelea kusoma. Katika hadithi ya zamani ya Waarabu inayofanana na hii, ndugu wale ni mbwa, na wakisamehewa wanarudia ubaya mpaka wanauawa. Shaaban aliweka nyani. Tunafikiri ni kwa sababu nyani ana mkono kama wetu, na anakuangalia machoni ukimpiga. Na mwisho aliubadilisha: mfalme Rai anamwombea Adili kwa jini, ndugu wanarudi kuwa watu, wanatubu, wanaoa, wanaishi. Sisi tunaokatana panga juu ya mfuko mmoja wa mawe, baba mmoja mama mmoja, pale njo tulinyamaza.

Alikufa Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na miaka 53. Kitabu chetu kimetoka jalada, kiko kwa delege. Mwenye kutaka apite Jumapili, asome palepale, maana kikitoka hakitarudi.