Muhamadi Kijuma na Ukurasa Usiochanwa

Katika shule zetu mna tabia moja ambayo siku hizi inahesabiwa kuwa ni adabu. Mwanafunzi akikosea mchoro au insha huuchana ukurasa. Mwalimu naye, akiona daftari lililojaa mafuto na marekebisho, humkaripia mwenyewe kwa uchafu, na aghalabu humsifu yule aliyebakiwa na nusu ya kurasa zake, mradi zote ni safi. Nakusudia kuipinga tabia hii kwa kueleza maisha ya mtu mmoja wa Lamu. Mwanafunzi wa Kililana, upande wa bara, bila shaka anajua kwamba gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa huko Mei 2021. Nina wasiwasi kama amewahi kuambiwa habari za huyu ninayemtaja.

Muhamadi bin Abubakari Kijuma, ambaye wengine humwandika Kijumwa, alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855. Mwana Kupona alikuwa bado hajautunga utenzi wake wa mawaidha wa mwaka 1858. Alipofariki mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vikifikia ukingoni. Katika umri huo mrefu alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchongaji wa milango, mtu wa ngoma na ala za muziki, na mnakili wa tenzi ambaye kazi yake ilifika mbali kuliko ya wenzake wote. Aliwahi hata kuingia Ukristo kupitia kwa wamisionari wa Kijerumani, akajiandika Masihii, jambo ambalo si dogo katika mji kama Lamu. Wanaotaka kumhukumu kwa hilo wana uwanja wao. Mimi nashughulika na kalamu yake.

Ili kuielewa kalamu hiyo, yafaa tukumbuke jinsi watoto wa pwani walivyofundishwa chuoni. Mtoto aliandika juu ya ubao, akahifadhi, kisha akauosha na kuandika tena juu ya ubao ule ule. Wino wa masizi hukubali maji. Hapakuwa na cha kuchana, na kosa la jana lilibaki kama kivuli chini ya somo la leo. Alipohamia kwenye karatasi, ambayo ilikuwa ghali, mwandishi wa khati alifuata desturi ya zamani ya miswada ya Kiarabu: neno lililorukwa huwekwa pambizoni, alama ndogo ikionyesha mahali pake mstarini, na pengine huandikwa kando yake neno la kuthibitisha kwamba sasa ni sahihi. Pambizo hiyo haikuwa aibu. Ilikuwa ushahidi kwamba mwandishi amerudi kuisoma kazi yake.

Uchongaji nao una sheria kali zaidi. Ubao wa mlango ukiguswa vibaya na patasi haurudi ulivyokuwa, wala fundi hawezi kuomba mti mwingine kwa kila kosa. Hana budi kulizamisha kosa ndani ya pambo, jani likapanuka au ua likasogea, mpaka jicho la mpita njia lisitambue. Sidhani ni sadfa kwamba mtu aliyechonga milango ndiye aliyekuwa mnakili mwenye ujasiri namna ile.

Ujasiri huo ulionekana hasa katika tenzi. Mswada wa Utenzi wa Fumo Liyongo unaohusishwa na jina lake ni wa mwaka 1913. Baadaye, katika miaka ya 1930, Ernst Dammann alipokuwa Lamu akikusanya mashairi, Kijuma alimnakilia kazi nyingi, na kitabu cha Dammann cha tungo za Kiamu kikatoka mwaka 1940. William Hichens naye, aliyechapisha Al-Inkishafi huko London mwaka 1939, alitegemea miswada yake. Utenzi mmoja aliweza kuunakili mara kadhaa kwa watu mbalimbali, na nakala hizo hazilingani neno kwa neno. Beti zinazidi hapa na kupungua pale. Neno linabadilishwa na lingine lenye mizani ile ile.

Wapo wataalamu wanaomlaumu kwa hayo. Wanasema kwamba alikuwa akilipwa, na kwamba alikarabati kazi za wahenga hata hatujui wapi anaishia mtunzi na wapi anaanzia mnakili. Lawama hii ina uzito, na mwanafunzi wa isimu hawezi kuipuuza, kwa kuwa ukitaka kujua Kiamu cha mwaka 1800 kilikuwaje, nakala ya mwaka 1913 yaweza kukupoteza. Lakini nadhani wanaoomba mswada asilia wanaomba kitu ambacho mapokeo yetu hayakukithamini. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo ya mwenziwe na kuongeza mitatu yake, na sote huiita sanaa. Kijuma alifanya jambo la jamii hiyo hiyo katika unakili. Abdilatif Abdalla alipouhariri Utenzi wa Fumo Liyongo, ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973, alikuwa akiongeza tabaka jingine juu ya matabaka yaliyotangulia.

Kwingineko nako mna ukurasa mashuhuri wa namna hii. Kazi za Archimedes zilizonakiliwa katika karne ya 10 zilikwanguliwa katika karne ya 13, zikaandikwa sala juu yake, na leo wataalamu huzisoma kwa mianga maalumu. Aliyekwangua alidhani amefuta.

Basi mwalimu wa sanaa na ajaribu. Mchoro wa jahazi uliopinda usichanwe. Ufunikwe nusu kwa rangi nyeupe nyepesi, ubandikwe kipande cha gazeti au cha leso kuukuu kwa gundi, kisha upitishwe wino au masizi ya sufuria juu yake, na mstari wa kwanza uachwe uchungulie mahali fulani. Mwalimu wa insha afanye vivyo hivyo kwa pambizo. Atakayesahihisha atoe alama kwa tabaka la tatu pia, si kwa nakala safi peke yake.

Miswada ya Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani, na picha za sehemu yake zinapatikana kwenye intaneti. Mwalimu wa Kililana aweza kuchapa ukurasa mmoja, akaubandika ukutani, na kuwauliza wanafunzi ni mikono mingapi imeupitia: khati ya Kijuma, maandishi ya Mzungu pembeni kama yapo, namba ya maktaba pale pembeni.