Hans Peter Luhn na hesabu iliyomo ndani ya simu yako

Msikilizaji wetu, bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ile ya mwisho haikuwekwa kwa kubahatisha: hupatikana kwa kukokotoa zile 14 za mwanzo. Aliyebuni hesabu hiyo alifariki kabla simu za mkononi hazijaingia sokoni. Leo tunayaangalia maisha yake.

Hans Peter Luhn alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 mjini Barmen, Ujerumani. Alitumikia jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na miaka ya 1920 akahamia Marekani, akafanya kazi katika biashara ya nguo. Huko alibuni Lunometer, kipimo kinachoonyesha idadi ya nyuzi za kitambaa bila kuzihesabu moja moja.

Mwaka 1941 aliajiriwa na kampuni ya IBM. Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa kampuni wenye wazo jipya. Badala ya mashine kupekua orodha nzima ikitafuta kitu, kitu chenyewe kifanyiwe hesabu fupi, na jibu liwe namba ya kapu la kukihifadhia. Ukikihitaji, unarudia hesabu na kwenda moja kwa moja kwenye kapu lake. Njia hiyo leo inaitwa hashi.

Mwaka 1954 aliomba hataza ya ile hesabu ya tarakimu ya mwisho, akapewa mwaka 1960. Kazi yake ilikuwa kunasa makosa ya kunakili namba. Haikuwekwa kuzuia matapeli.

Luhn alifariki tarehe 19 Agosti 1964. Baada yake, wataalamu wengine walitengeneza hashi ngumu kughushi, kama SHA-256. Faili lolote, liwe picha ndogo au kipindi cha redio cha saa nzima, hupewa alama 64. Ukibadilisha herufi moja tu ndani yake, alama hizo hubadilika kabisa.

Hapo ndipo bando lako linapoguswa. Tovuti nyingi huweka hashi ndani ya jina la faili. Simu ikikuta jina ambalo tayari inalo, hutumia nakala iliyoihifadhi, bila kupakua tena. Jina likiwa jipya, inajua faili limebadilika. Hashi husaidia pia ukipewa faili na mtu mwingine: programu hulikokotoa na kulinganisha na hashi iliyotolewa na mwenye faili. Zisipolingana, faili limeharibika au limechezewa.

Kwa hiyo, kama nafasi ya simu haijakubana, usifute kashe kila siku ukidhani unaokoa. Kesho simu itapakua yale yale, na utayalipia mara ya pili.