Mwalimu, Sheria na Kisiwa cha Maziwe

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Taifa humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999. Mengi husemwa juu ya uhuru na umoja. Machache husemwa juu ya kazi yake ya kuitungia nchi sheria za hifadhi, na machache zaidi juu ya mahali sheria hizo zilipopwaya. Sisi wa mwambao huu, kuanzia Mbegani hadi Pangani, pamoja na ndugu zetu wa visiwani, tunayo sababu ya kuyasema yote mawili.

Mwalimu hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi wake.

Septemba 1961, akiwa Waziri Mkuu na Uhuru ukiwa umebakiza miezi mitatu, alitoa tamko mjini Arusha mbele ya wataalamu wa hifadhi kutoka mataifa mengi. Tamko hilo, ambalo si lile Azimio la Arusha la 1967, liliwahesabu wanyama wa porini na makazi yao kuwa amana ya watoto na wajukuu wetu, na likaomba mataifa mengine yasaidie kwa utaalamu na fedha. Vitendo vilifuata. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963. Mikumi na Ruaha zilifanywa hifadhi za Taifa mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, na Tarangire mwaka 1970. Mwaka 1974 Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori. Kwa nchi maskini, yenye upungufu wa shule na zahanati, huo haukuwa uamuzi mwepesi, na heshima yake ni ya Mwalimu na Chama chake.

Bahari nayo haikusahauliwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga marufuku uvuvi wa baruti. Mwaka 1975, chini ya sheria hiyo, yalitangazwa maeneo tengefu ya bahari, yakiwamo Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam, na Maziwe mbele ya Pangani. Hapa Mbegani, Serikali ya wakati huo ilijenga chuo cha uvuvi kwa msaada wa Norway, na hadi leo vijana wanafundishwa humo.

Lakini na tuitazame Maziwe. Kilikuwa kisiwa kidogo, yapata kilomita 8 kutoka pwani, chenye miti, na kasa walipanda kutaga humo kwa wingi kuliko sehemu nyingine za mwambao wetu. Miti ilikatwa, mawimbi yakala mchanga uliokosa mizizi, na kabla miaka ya 1980 haijasonga mbele kisiwa kilikuwa kimekwisha. Lililobaki ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa. Leo taarifa za Serikali kuhusu mabadiliko ya tabianchi hukitaja kuwa mfano wa nchi iliyomezwa na bahari. Ni kweli bahari inapanda, lakini shoka lilitangulia. Na shoka lilipita juu ya kisiwa ambacho jina lake lilikwisha kuandikwa katika Gazeti la Serikali.

Ilikuwaje? Hapana budi kurejea namna ya kutawala ya miaka ile. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa na Chama kikashika hatamu rasmi. Jambo lilianza vikaoni mwa Chama, ndipo likaingia Bungeni. Njia hiyo ilikuwa fupi sana kwa kutunga sheria, na ndefu sana kwa kuifikisha ufukweni. Mwaka huohuo wa 1975 ilitungwa Sheria ya Vijiji, iliyokipa kijiji serikali yake. Maeneo tengefu ya bahari, hata hivyo, yaliachwa mikononi mwa wizara, bila walinzi wala mashua. Sheria mbili za mwaka mmoja, za Chama kimoja, hazikukutana. Mvuvi wa Pangani alikuwa na kijiji chenye serikali, na mbele yake kisiwa kisicho na mwenyewe.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuficha dosari. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, naye akakiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Alistaafu Urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Aliishi hadi kuiona Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, iliyoagiza wakazi washirikishwe katika kupanga na kunufaika. Mafia ikawa hifadhi ya bahari mwaka uliofuata. Upande wa Zanzibar, mwaka huohuo wa 1994, miamba ya Chumbe ilitengwa, na walinzi wake wakatafutwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Chumbe ipo hadi leo. Maziwe haipo.

Tunaandika haya kwa sababu majaribu ya sasa ni makubwa kuliko ya enzi ya Mwalimu. Joto la bahari limekwisha kuua matumbawe yetu, hasa mwaka 1998. Mikoko ya Mbegani na Bagamoyo, iliyo ngome yetu mbele ya mawimbi, inatamaniwa na wakata nguzo na wachoma mkaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka bahari, lakini yeyote anayetembea ufukweni ataona meta hizo zinavyoheshimiwa.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa Chama, Wabunge na maofisa wa Serikali: kumuenzi Mwalimu si kuongeza idadi ya sheria. Muswada wa hifadhi au wa tabianchi ukifika mezani, yaulizwe mambo matatu kabla haujapita. Nani ataulinda ufukwe huo? Atakwenda kwa chombo gani? Na kijiji kilicho jirani kimepewa sauti na fungu gani? Muswada usioweza kujibu maswali hayo urudishwe kwa waandishi wake. Na sisi wananchi wa mwambao na visiwa tusiwaachie maofisa peke yao, maana bahari ikila ufuko, wa kwanza kuhama ni sisi.