Jamaa aliyewauzia mafundi hisa za darubini

Tuseme mgeni amekuja mjini kwenu kuzungumzia nyota. Umeingia ukumbini kwa sababu huna la kufanya jioni hiyo. Akimaliza, anakuomba utoe karibu mshahara wa mwezi mzima wa kibarua ili mnunue darubini ambayo hata yeye hajui ataipata wapi. Ungetoa?

Watu wa Cincinnati, mji wa Marekani ulio kando ya mto Ohio, walitoa. Mwaka ulikuwa 1842, na aliyewaomba alikuwa mwalimu wa hesabu kwa jina Ormsby MacKnight Mitchel.

Usisikie jina hilo refu ukafikiri alizaliwa kwa matajiri. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na kabla hajabalehe vizuri alikuwa tayari anauza dukani. Kilichomtoa ni chuo cha kijeshi cha West Point, alikomaliza 1829, darasa moja na Robert E. Lee. Lishike jina hilo la Lee. Baadaye Mitchel alijaribu uwakili, akafanya kazi za reli, akaishia kufundisha hesabu na falaki katika Cincinnati College.

Sasa, kufundisha falaki bila darubini ni kama kufundisha kuogelea ubaoni. Kule Ulaya vituo vikubwa vya kuchunguza nyota vilijengwa na wafalme. Mfalme wa Urusi alikuwa amejenga chake miaka michache tu nyuma. Marekani haikuwa na mfalme, na serikali yake haikutaka kusikia habari hizo. Rais John Quincy Adams aliwahi kuliomba bunge pesa za kituo kama hicho mwaka 1825, wakamcheka miaka na miaka.

Basi Mitchel akafungua mlango kwa umma. Akatangaza mihadhara, na hakuzungumza kama mtu anayesahihisha mtihani. Aliwaeleza watu jinsi binadamu alivyofikia kujua anayoyajua kuhusu anga, hatua kwa hatua, kama kisa cha upelelezi. Watu wakaongezeka kila jioni mpaka mhadhara wa mwisho ukahamishiwa kanisa kubwa la mji. Hapo ndipo alipotoa ombi lake: hisa 300, kila moja dola 25. Ukinunua, darubini ni yako pia, na una haki ya kuja kuitazamia.

Harambee, kwa lugha yetu. Ila hakungoja watu wapige makofi halafu waende zao. Alizunguka mlango kwa mlango, akiwaeleza upya wenye maduka, maseremala, waashi na mawakili, na hisa zikaisha katika wiki chache. Alikuwa na dola 7,500 za ahadi, akapanda meli kwenda Ulaya. London hakupata kitu. Paris hakupata. Mjini Munich, Ujerumani, akakuta lenzi ya upana wa karibu sentimita 28. Bei? Zaidi ya dola 9,000. Ungekuwa wewe pengine ungepiga hesabu ukarudi nyumbani. Yeye akaagiza, halafu akarudi kuwaeleza wenye hisa kwamba wameongezewa deni.

Tajiri mmoja wa mji, Nicholas Longworth, akatoa kiwanja juu ya kilima. Novemba 1843 nani akaja kuweka jiwe la msingi? Mzee Adams yuleyule aliyechekwa, sasa ana miaka 76, amesafiri safari ndefu na afya yake si nzuri. Mvua ilinyesha siku hiyo, lakini jiwe likawekwa, na kilima kikapewa jina lake hadi leo: Mount Adams.

Pesa ya kujenga haikuwepo. Waashi na maseremala wengine walilipia hisa zao kwa kufanya kazi palepale, na Mitchel mwenyewe alichoma chokaa kilimani ili kupunguza gharama. Darubini ilipofunguliwa mwaka 1845 ilikuwa kubwa kuliko zote Marekani.

Hapa ndipo ninapomhurumia. Alikuwa ameahidi kuongoza kituo miaka kumi bila malipo, akitegemea mshahara wa ualimu. Mwanzoni mwa mwaka huohuo chuo kikateketea kwa moto, na mshahara ukaenda nao. Ana familia, ana darubini bora nchini, mfukoni hana kitu. Alichobaki nacho ni mdomo. Akaanza kuzunguka: Boston, Brooklyn, New York, New Orleans, mgeni katika kila mji, akijaza kumbi za watu waliolipa kusikia habari za nyota. Mwaka 1846 akaanzisha pia jarida la falaki kwa watu wa kawaida. Kwa maoni yangu, falaki ilipata bahati kwa moto ule kuliko yeye alivyopata.

Kwenye darubini aliona jambo moja linalobeba jina lake bado. Karibu na ncha ya kusini ya Mirihi, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, doa jeupe lilibaki nyuma. Wakaliita Milima ya Mitchel. Kumbe, ilikuja kujulikana baadaye, si milima. Ni sehemu ambayo baridi yake inachelewa tu kuondoka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alirudi jeshini, upande wa kaskazini. Mwanadarasa mwenzake Lee alikuwa upande wa pili. Askari walimwita Mzee Nyota. Mwaka 1862 alihamishiwa pwani ya South Carolina, ambako maelfu ya watu waliotoka utumwani walikuwa wamekusanyika. Katika kisiwa cha Hilton Head aliwatengea ardhi wajenge mji wao na kujitawala wenyewe. Mji huo ukaitwa Mitchelville. Hakuuona ukikua. Homa ya manjano ilimuua Oktoba 30 mwaka huohuo.

Moshi wa viwanda ulipozidi Cincinnati, kituo kilihamishwa mwaka 1873 kwenda kilima kingine nje ya mji. Jiwe la msingi la Adams lilibebwa, na darubini ya wale mafundi pia. Ingali inafanya kazi. Jioni za wageni, watu hupanga foleni, hupanda ngazi mmoja mmoja, hufumba jicho moja na kuangalia pete za Zohali kupitia lenzi ileile ya Munich.